Koo Safi Safarini Bila Friji la Jamaludin

Nyumbani kwa Mama,
Mjambere, Kisauni,
Mombasa.

6 Septemba 2025

Mpendwa kaka Changawa,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, unakula vizuri na unalala vizuri. Je, joto la huko Doha limepungua? Mgongo wako je? Mara ya mwisho ulisema kazi ya kupanga makasha ghalani inakuchosha kiuno. Pakaa mafuta ya nazi niliyokufungia, na usiyapikie wali. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, goti lake linamsumbua asubuhi tu, akishapata chai linanyamaza. Mimi pia mzima, cherehani inazunguka, na nimenenepa kidogo kwa sababu utakazozisoma hapa chini.

Usishtuke kuona wino mwekundu. Hii ni kalamu ya Winfred wetu wa kundini, aliyoisahau hapa, ya kusahihishia vitabu vya wanafunzi wake, ndiyo pekee iliyokuwa inaandika humu ndani. Usidhani nakusahihisha, ingawa unastahili.

Najua utacheka: barua, zama hizi? Simu ninayo na bando lipo. Lakini kila nikikupigia, Mama huwa yupo papo hapo anajifanya anachambua mchele, na haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema akisikia. Bahati nzuri Sheikha, binti wa Ami Jamaludin wa dukani, anamfuata mumewe huko Doha wiki hii, akasema mwenyewe nimpe chochote cha kukupelekea. Nimempa mzigo mpaka amejuta kuniuliza.

Nianze na lililo zito nililitoe njiani. Ulipopiga mwezi uliopita ulisema Desemba huji, likizo utaimalizia huko huko, kwa sababu huoni maana ya kupanda ndege kuja kukaa kwenye nyumba ambayo Mama mwenyewe hakusemeshi. Siku ile nilisingizia chaji imeisha, nikakata. Sasa nakuomba kitu kimoja tu: usikate shauri mpaka umalize kusoma mpaka chini.

Mimi sikulaumu, na yeye simlaumu. Uliificha safari, pasi, vipimo na tiketi, ukiogopa atakukatalia. Matokeo yake akaja kuambiwa na Ami Jamaludin akiwa amekwenda kununua sukari, tena kwa furaha, kama habari ambayo bila shaka mama mtu anaijua. Ulipomletea kikombe cha maji akupulizie kifuani, kama wazee wetu wanavyombariki anayesafiri, alikitazama, akakiacha mezani, akatoka nje. Ukaondoka alfajiri na kifua kikavu. Aliyekuja kumwaga maji yale ni mimi. Tangu hapo, miaka miwili, ukipiga simu yeye hukumbuka ana nguo za kuanika.

Haya, sasa habari za kundi, maana najua ndizo ulizozitafuta tangu mstari wa kwanza.

Tangu utuache, Koo Safi tumebaki wanne. Mimi na alto yangu, Winfred na soprano yake inayopasua vioo, Boga kwenye tena, na Kaviha kwenye besi. Kaviha bado anakata mawe timboni kule Mwakirunge, na lile vumbi badala ya kumharibu linazidi kumshusha. Siku hizi akisema "habari za asubuhi" mbwa wanaamka. Boga ana kibanda chake cha kutengeneza simu Ziwa la Ng'ombe. Ala hatujanunua na hatununui. Waliotuambia tutafute hata kinanda kimoja tumewajibu kwamba kinanda hakipandi bodaboda.

Shida yetu ilikuwa moja: hukutuachia noti yako. Unakumbuka ulivyokuwa ukifumba macho, unagusa sikio, unatoa ile "mmm" moja ya puani, na kila mtu anajua apande wapi au ashuke wapi kutoka pale. Ulipoondoka tulijaribu wote, kila mtu akatoa yake, ikawa kama soko la Kongowea. Kisha jioni moja, tukiwa barazani pa Ami Jamaludin tunapofanyia mazoezi, Boga akainua kidole: "Sikilizeni friji." Lile friji la soda, kaka, linalonguruma tangu tukiwa wadogo. Akaapa kwamba mngurumo wake ni noti yako hasa. Tukajaribu, nyimbo zikakaa sawasawa. Basi kuanzia siku hiyo mwalimu wetu akawa friji. Tulikuwa tunanyamaza kidogo, tunasikiliza, tunaanza. Ami Jamaludin alituambia, "Wallahi, hilo friji mkiondoka nalo mtanirudishia na soda zake!"

Na kweli tukaondoka nalo. Tulipata mialiko mitatu ya likizo ya Agosti kule Taita Taveta: harusi Voi, sikukuu ya mavuno kanisani huko juu Wundanyi, kisha harusi nyingine Taveta. Safari yetu ya kwanza ndefu bila wewe. Asubuhi moja Boga akalirekodi friji kwenye simu yake, dakika nzima ya mngurumo, akaipa jina "Changawa". Usinune, ni heshima.

Ila babake Winfred akaweka sharti. Binti yake halali nje ya Kisauni na vijana wa kiume bila mama mtu mzima wa kuwaangalia. Nikamtaja Mama nikiwa na uhakika atakataa, kwa sababu tangu uondoke hajawahi kukanyaga tunapoimba, hata harusi ya jirani hapa hapa mtaani alipita kwa nyuma. Sikumaliza sentensi. Akaenda chumbani akarudi na kapu, ndani yake leso, sufuria, tangawizi na mbuzi ya kukunia nazi. Nikamuuliza mbuzi ya nini na watu watatupikia. Akasema, "Huko bara wanajua nazi? Na mimi nakwenda kuwaangalia, siendi kuwasikiliza. Muelewane na hilo."

Tulipanda treni mpaka Voi. Kaka, tuliimba behewa zima! Mtu mmoja alizunguka viti akitafuta redio iko wapi, alipogundua ni sisi akatununulia karanga. Mama alikaa mbali nasi viti kadhaa, ametazama dirishani, lakini karanga alikula.

Harusi ya Voi ilikwenda vizuri kwa waliotusikiliza. Sisi wenyewe hatukuifurahia. Boga aliweka simu sikioni, akasikiliza friji, akatupa noti, tukaimba, na kila wimbo ukawa umekaa chini, mzito. Winfred alisema ni kama anaimba amebeba ndoo. Kaviha kwenye mistari ya mwisho alishuka mpaka sauti ikaisha ikabaki pumzi. Tukasingizia pilau, maana tulikula kwanza ndipo tukaimba, na pilau ilikuwa nyingi. Hapo ndipo kunenepa kulipoanza.

Wundanyi sasa. Sijui nikuelezeje ile baridi. Kaviha mvunja mawe alivaa sweta mbili na juu yake akajifunga leso ya Mama, yenye maandishi ya kuwasema majirani. Lakini wenyeji wale wana roho nzuri, walitupokea na viazi, ndizi na maziwa, na kanisa lilijaa mpaka nje, watu wameleta kabichi, mahindi, miwa na kuku, vyote vimepangwa mbele ya madhabahu.

Mlangoni palikuwa na mama mmoja mwenye kikapu. Huingii na simu pale. Unaiweka kikapuni, unaichukua ibada ikiisha, hata uwe nani. Boga aliinamisha kichwa akamnong'oneza kwamba simu yake ni ya kazi, ina friji ndani. Yule mama akamtazama kwa huruma, akaichukua simu, akambariki.

Basi tukasimama mbele ya watu wote wale bila friji. Tukatazamana. Boga akajikaza akatoa noti ya kukisia. Tulianza juu, kaka, juu mno! Winfred alipofika kwenye kiitikio akatoa sauti ya panya aliyekanyagwa, tukasimama. Watoto wa mbele wakacheka. Boga akatoa nyingine, tukaanza chini mno, hata mimi mwenyewe sikujisikia, tukasimama tena. Sasa wakacheka na wakubwa. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Nilitamani kujificha nyuma ya kabichi.

Ndipo nikaisikia. "Mmm." Moja, ya puani, imetulia. Kaka, nilidhani nimerukwa na akili, kwa sababu ilikuwa yako. Nikageuza macho upande wa wanawake. Mama amekaa kiti cha tatu, amefumba macho, kidole kwenye sikio.

Hatukungoja kuambiwa. Winfred alidaka, mimi nikadaka, na tukaimba jinsi ambavyo hatujaimba tangu uondoke. Watu wale walisimama. Mchungaji alituomba turudie, tukarudia mara mbili, na mwisho tukapewa jogoo na mkungu wa ndizi. Jogoo yuko hapa uani anawika, na noti yake haifanani na ya mtu yeyote. Kaviha anataka achinjwe kwa sababu hiyo.

Tulipotoka kanisani, Boga alipewa simu yake, akabonyeza ile dakika ya friji. Sote wanne tukatega masikio. Si noti yako hata kidogo! Iko chini kabisa. Tukabaki tunatazamana kama wajinga. Kumbe miaka miwili hatukuwa tunasikiliza friji. Wewe unajua dirisha la jikoni kwetu linatazama wapi: barazani pa Ami Jamaludin, unaweza kupitisha sahani. Na mazoezi yetu ni ya jioni, saa ambayo Mama anapika, ila Boga alirekodi asubuhi, jikoni hakuna mtu. Tulikuwa tunanyamaza kusikiliza friji, tunasikia jikoni. Boga mwenyewe, mtu wa masikio, aliliabudu friji la watu miaka miwili.

Mimi kila siku nasikia Mama akinguruma akipika, lakini nilidhani ni kunguruma tu, kama wanawake wote wakikata vitunguu na machozi yanawatoka.

Asubuhi yake tulikaa naye nyuma ya nyumba ya wenyeji wetu tukimenya viazi. Nikamuuliza sauti ile aliitoa wapi. "Sauti gani?" Ile ya jana kanisani, Mama. "Nilikuwa nasafisha koo." Nikachukua kiazi kingine, maana unamjua, ukimvuta anarudi nyuma. Akamenya viazi kadhaa. Kisha akasema bila kuniangalia: "Alikuwa akija jikoni kila jioni na hiyo mmm yake, ananisumbua nikikata vitunguu. Alipoondoka kukawa kimya. Mimi siwezi kupika kukiwa kimya, Mweri."

Kaka, nililia. Nikasema ni viazi. Akasema viazi havilizi mtu, nikamwambia vya huku Taita vinaliza.

Baada ya pale usiulize. Taveta Mama hakungoja kuombwa. Alikaa kiti cha mbele, akajifunga leso mpya, na kila wimbo ukiisha anatupa noti ya unaofuata kabla Boga hajafumbua mdomo. Bwana harusi alidhani yeye ndiye mwalimu wetu, akamshukuru kwa kutufundisha, na Mama akaitikia "asante mwanangu" bila aibu yoyote. Wimbo wa mwisho aliusimamisha katikati kwa mkono, akamwambia Kaviha avute pumzi vizuri, tukaanza upya. Hata wewe hukuwa mkali hivyo. Sasa anauliza mwaliko mwingine ni lini, na mbuzi yake ya nazi ameiacha kapuni tayari.

Lakini simu yako bado hajaipokea. Ulipopiga Jumapili ile tuliporudi, alikwenda kuanika nguo zilizokwisha kukauka. Ninachojua mimi ni hiki: ukikata, hunijia mbio mbio, "Huyo mtu anakula? Anakohoa? Mbona amesema kidogo leo?" Huyo mtu ni wewe. Nimechoka kuwa katikati yenu kama mkalimani, na nimekukumbuka mno, nakuambia wazi. Noti yako tumeipata, lakini nafasi yako kwenye mstari bado tunaiacha tukisimama. Kaviha hapasogelei.

Mzigo aliobeba Sheikha una yale mafuta ya nazi, kashata, korosho, achari ya embe, na pilipili ya kusaga. Korosho nilizinunua mimi. Kashata sikuzitia mimi, nilizikuta ndani ya mfuko nilipokuwa naufunga, bado za moto. Mama alisema hajui zimefikaje.

Ami Jamaludin anakusalimu sana. Amesema umtafutie ubani mzuri huko, na amefurahi friji lake limetolewa lawama. Winfred anakusalimu, Boga anakusalimu na anaomba radhi kwa kukuita friji. Kaviha anakusalimu kwa besi. Watoto wa jirani wanauliza kama Doha kuna mchanga wa kuchezea, nimewaambia upo wa kutosha. Shangazi Dama wa Kaloleni anasema ukioa huko bila kumwambia

Kaka, nimeacha hapo kidogo, nimerudi sasa. Sentensi ya Shangazi utaimalizia mwenyewe, unamjua.

Mama ameingia. Nilikuwa nimejiinamia mezani sikumsikia. Akauliza namwandikia nani. Nikamwambia, naandika kwa kaka. Nilidhani ataondoka. Akaenda jikoni, nikasikia maji yanamiminwa, akarudi na kikombe, kile kile cha siku ile ulipomletea maji, cha bati chenye ua la buluu. Akasimama nyuma ya kiti changu. Akapiga funda, na kabla sijaikinga karatasi, akaipulizia maji yote. Akapiga la pili, akaipulizia tena.

Kisha akasema, "Mwambie asafiri salama."

Nikamwambia, "Mama, kaka alifika zamani."

Akakiweka kikombe mezani, kitupu. Akasema, "Basi arudi salama. Mwambie Desemba jikoni nitamwachia vitunguu."

Kwa hivyo hayo madoa mekundu unayoyaona yametapakaa juu ya majina ya watu si damu wala si machozi yangu, ingawa machozi nayo yapo kidogo kwenye pembe. Ni maji yako yale. Usiipanguse karatasi. Iweke kifuani kwanza, ndipo uikunje.

Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, na akuongoze njia yote ya kurudi.

Mdogo wako akupendaye hata unapomkasirisha,

Mweri